Kutoka Ngosi hadi torasi: somo la Morse kwa wanaoanza uzamili

Swali hili la topolojia halikosi kujitokeza: "Onyesha kwamba funksheni yoyote ya Morse juu ya torasi ina nukta tuli zisizopungua 4, kisha toa mfano wenye 4 kamili." Torasi ni uso wa donati; funksheni ya Morse ni laini na haina nukta tuli iliyo butu (maneno haya tunayaeleza Hatua ya 1). Wengi hukimbilia Mayer–Vietoris (njia ya kukata umbo vipande), wakajaza kurasa mbili za homolojia, yaani hesabu ya matundu ya umbo, na funksheni yenyewe hawajaigusa. Sisi tunaanzia kwenye ramani ya kontua ya Mbeya na Rungwe.

Hatua ya 1: Tambua nukta tuli

Kimo cha ardhi ni funksheni h. Nukta ni tuli pale dh = 0, yaani mteremko umeisha kila upande. Kilele cha Rungwe, kinachokaribia mita 3,000, ni tuli. Sehemu ya chini kabisa ya sakafu ya Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano, nayo ni tuli. (Sakafu, jamani, siyo uso wa maji. Uso wa maji ni bapa, kila nukta yake ni tuli, na hapo nadharia inagoma.) Aina ya tatu ni tandiko. Ukipanda kosta Uyole kwenda Tukuyu, gari linakwea hadi maeneo ya Isyonje kisha linaanza kushuka kuelekea Kiwira. Pale juu barabara inashuka mbele na nyuma, lakini ardhi inapanda kulia na kushoto.

Indeksi ya nukta ni idadi ya pande huru zinazoshuka: shimo 0, tandiko 1, kilele 2. Kwa hesabu, andika matriksi ya Hesse, yaani jedwali la derivativu za pili. Ikiwa ya diagonali, hesabu namba hasi zilizomo. Determinanti ikiwa sifuri, nukta hiyo ni butu, na funksheni yako siyo ya Morse. Sharti hili watu hulisoma harakaharaka, nalo ndilo linalobeba swali zima.

Hatua ya 2: Jaribu kanuni kwa kreta

Zungushia mlima wa Ngosi kontua moja iliyofunga, chini ya kingo za kreta, ambapo ardhi yote inashuka kwenda nje. Kanuni inadai:

vilele − matandiko + mashimo = 1

Kingo za kreta ni pete. Ukitembea juu yake unapanda kinundu, unashuka kwenye uwazi, unapanda tena. Kila kinundu ni kilele. Kila uwazi ni tandiko, kwa sababu ukifuata kingo unapanda pande zote mbili, na ukizikata unashuka, ama ziwani ama nje. Kwenye pete, vinundu na nyuwazi hulingana idadi, hata viwe vingapi. Basi n − n + 1 = 1, tukichukulia sakafu ya ziwa ina shimo moja. Hesabu za vilima za namna hii zilifanywa na Cayley mwaka 1859 na Maxwell mwaka 1870. Marston Morse, katika makala yake ya 1925, alizipeleka kwenye vipimo vyovyote.

Hatua ya 3: Bandika seli

Sasa f iwe funksheni yoyote ya Morse. Chukua eneo lote ambalo f ≤ a, kisha pandisha a polepole. Usipokutana na nukta tuli, umbo la eneo halibadiliki. Ukipita nukta ya indeksi k, umebandika seli ya kipimo k (0 ni nukta, 1 ni uzi, 2 ni utando). Hiyo ndiyo nadharia nzima.

Hatua ya 4: Torasi

Chukua f = cos x + cos y, x na y zikihesabiwa kwa modulo 2π. Nukta tuli zinahitaji sin x = sin y = 0. Matriksi ya Hesse ni ya diagonali: −cos x na −cos y. Kwa hiyo:

(π, π): indeksi 0, f = −2
(0, π) na (π, 0): indeksi 1, f = 0
(0, 0): indeksi 2, f = 2

Seli ni 1, 2, 1. Andika ∂ₖ kwa mpaka wa seli za kipimo k. Ncha zote za seli mbili za kipimo 1, tuziite a na b, zinaishia kwenye nukta ileile, hivyo ∂₁ = 0. Mpaka wa seli ya kipimo 2 unapita a, b, halafu a na b kinyumenyume; jumla sifuri, ∂₂ = 0. Jibu, Hₖ ikiwa homolojia ya kipimo k: H₀ = Z, H₁ = Z², H₂ = Z.

Hatua ya 5: Kwa nini zisipungue 4

Homolojia inatokana na seli, kwa hiyo namba ya Betti bₖ (idadi ya Z zilizomo katika Hₖ) haiwezi kuzidi idadi ya nukta za indeksi k. Namba za Betti za torasi ni 1, 2, 1. Jumla 4.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Iringa: Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu f = sin x + sin y + sin(x+y) juu ya torasi, nikapata nukta tuli 3 tu. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea popote, na swali lako ni zuri kuliko la mtihani. Derivativu zinadai cos x = cos y = −cos(x+y). Zinabaki (π/3, π/3), ambayo ni kilele. (−π/3, −π/3), ambayo ni shimo. Na (π, π). Sasa pima matriksi ya Hesse kwenye (π, π): namba zote ni sifuri! Weka x = π + u, y = π + v, na f inakaribia −uv(u+v)/2. Hapo kuna miinuko mitatu na mishuko mitatu inayopishana. Nukta hiyo ni butu, f siyo ya Morse, na kanuni ya 4 haikuhusu. Inahesabika kama matandiko mawili yaliyogandana: 1 − 2 + 1 = 0, sawasawa na χ ya torasi (namba ya Euler, yaani vilele − matandiko + mashimo).

*Kutoka Njombe: Je, zinaweza kuwa 2?*

Hapana, hata ukiruhusu nukta butu. Reeb alionyesha kwamba manifoldi iliyofunga (umbo laini lisilo na kingo wala kwenda bila kikomo) yenye nukta tuli 2 tu, zisizo butu, ni tufe kitopolojia; baadaye ilithibitishwa kwamba ni hivyo hata zikiwa butu. Milnor alitumia tokeo la Reeb mwaka 1956 kwa matufe yake ya ajabu ya vipimo 7, ambayo ni matufe kitopolojia lakini ulaini wake si ule wa tufe la kawaida.

*Kutoka Tukuyu: Ugonile, mwalimu. Mbona Ngosi ni 1 lakini dunia nzima wanasema 2?*

Ndaga. Kipande chako ni diski, χ = 1. Kunja nje yake yote iishie kwenye shimo moja, umepata tufe, na shimo hilo limeongeza 1.

*Kutoka Mafinga: Na mkunjo wa Gauss unaingiaje?*

Kwa Gauss–Bonnet: ∫K dA = 2πχ, K ikiwa mkunjo wa Gauss na dA kipande kidogo cha eneo. Torasi ya kawaida, yenye nusukipenyo R na r, ina K = cos v / (r(R + r cos v)) na dA = r(R + r cos v) du dv. Zidisha: K dA = cos v du dv. Upande wa nje ni chanya, wa ndani hasi, na integrali kutoka 0 hadi 2π ni sifuri.