Kabla Hujaongeza Nguvu Kwenye Hilux ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Kama una Toyota Hilux ya miaka ya tisini yenye injini ya dizeli ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), bila shaka umeshaambiwa: "Funga tabo, utanishukuru." Tabo ni kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ukitaka utafunga. Ila kuna mambo ya kumaliza kwanza, mengi yake ya bei ndogo kuliko hiyo tabo, na wapo walioyamaliza wakakuta gari linavuta vizuri tu, wala hawakuhitaji zaidi.

Anza kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Hapa usibembelezane na fundi. Akikwambia anaijua injini kwa kuisikiliza, mwambie alete geji. Silinda moja ikiwa imelala chini ya wenzake, basi ringi zimekwisha au valvu haikai sawasawa, na pesa yoyote utakayoongeza hapo umeimwaga. Injini ya namna hiyo inadai ovahoo.

Filta ya hewa na filta ya dizeli: badilisha, tuendelee.

Tapeti zirekebishwe. Belti ya taimingi, kama hujui ilibadilishwa lini, ihesabu kuwa imekwisha. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hutakuwa na injini ya kuiongezea nguvu.

Nozo zishushwe zikapimwe kwenye mashine kwa fundi pampu, si kuangaliwa kwa macho. Nozo nzima inapuliza ukungu. Iliyochoka inadondosha matone ambayo hayaungui yote, na huo ndio moshi mweusi unaouacha mlimani. Ukishazirekebisha, acha kununua dizeli ya madumu kando ya barabara. Pampu za injini hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inazikausha.

Tairi. Watu hawapendi kuambiwa hili. Kama gari lilikuja na 205R16 na wewe umelivalisha 265/75R16 ili lionekane limesimama, umeongeza kipenyo kwa karibu asilimia 8. Ni sawa na kuondoa sehemu hiyo ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, na hukuguswa mfukoni na fundi yeyote ila muuza tairi. Vua hizo, au badilisha meno ya difu yaendane nazo. Na ile bampa ya chuma, keria ya chuma na mbao za kuongezea bodi, vipime uzito siku moja.

Kitu kingine ni hewa. Injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo injini iliyokuwa na nguvu 90 za farasi Dar es Salaam inafika kule na sabini na kitu. Haijaharibika. Watu wa nyanda za juu ndio hasa wenye sababu ya kufunga tabo, kwa sababu tabo inarudisha hewa iliyopungua. Wewe wa Bagamoyo unayebeba mkaa kwenye barabara tambarare, jiulize tena.

Breki kabla ya nguvu. Sielezi.

Sasa rejeta, na hapa tukae kidogo. Nguvu zaidi maana yake unachoma dizeli zaidi, na joto lake lina njia mbili kubwa za kutokea: bomba la moshi na maji. Gari la miaka thelathini lina rejeta iliyokwisha kuzibwa kwa kila kitu, kuanzia unga wa dukani hadi manjano ya jikoni. Ilikuwa inatosha kwa joto la zamani. Joto jipya hailiwezi.

Shemeji yangu alikuwa anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa kwa Hilux ya 3L. Njia hiyo lazima upande Kitonga, na Kitonga haina huruma na dizeli isiyo na tabo: gia ya pili, mguu sakafuni, lori mbele yako linatambaa na wewe huna la kufanya. Akachoka, akafungiwa tabo iliyotoka kwenye injini ya 2L-T, ile 2L iliyotoka kiwandani na tabo, na pampu ya dizeli ikafunguliwa itoe mafuta zaidi. Rejeta haikuguswa. Fundi alisema nzima, haivuji. Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ilishatolewa zamani, ule ushauri wa gereji kwamba ukiitoa gari halichemshi.

Siku niliyopanda naye, gari lilikuwa tamu kweli. Tuliuanza mlima kwa gia ya tatu, mzigo umejaa, shemeji anapiga mluzi. Kwenye kona za katikati nikaona mshale wa joto umesogea juu kidogo ya pale unapokaa siku zote. Nikamwonyesha. Akapunguza mafuta kidogo, na baada ya muda mfupi mshale ukaanza kushuka, ukapita hata chini ya kawaida. "Unaona, shem?" akasema. "Imepoa yenyewe." Akakanyaga tena.

Haikuwa imepoa. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu, na maji yote yalikuwa yameshamwagika barabarani. Kihisi cha joto kinapima maji kinamozama. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia hewani na hakipimi chochote cha maana, kwa hiyo mshale unarudi chini wakati chuma kinaelekea kuiva. Sisi tulijua kwa harufu kwanza, harufu ya rangi ya boneti inayoungua, kisha injini ikaanza kugonga, ikawa nzito, ikajizima.

Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu akaja mbio na dumu, moyo mzuri kabisa, akamimina maji ya baridi. Tulisikia mlio mmoja mkavu. Gereji walipofungua walikuta hedi imepasuka kati ya valvu na pistoni mbili zimekwaruza silinda. Vitunguu viliuzwa pale pale mlimani kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Kwa hiyo, kabla ya nguvu: rejeta ifunguliwe vifuniko, njia zichokolewe zote. Mipira yote iwe mipya, hata ile midogo ya hita. Kifuniko kipya. Klachi ya feni ishike, na lile boksi linaloizunguka feni lirudi mahali pake, maana bila hilo feni inazungusha hewa ile ile. Thamostati irudi: kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji inapita kando bila kufika kwenye rejeta. Tumia kulanti badala ya maji ya bomba. Na kitu kinachozidi vyote hivyo: funga kihisi kinachobanwa kwenye chuma cha hedi, chenye kengele. Kinapima joto la chuma, maji yawepo yasiwepo.

Ukishafika hapo, karibu kwenye tabo. Manifodi ya moshi na tabo ya CT20 ya 2L-T ndivyo wengi wanavyotumia kwenye 3L na 5L kwa kuwa ni ukoo mmoja. Usiige kila kitu, lakini. Injini iliyotoka kiwandani bila tabo ina mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo ridhika na upepo wa tabo wa psi 7 hadi 10. Ishike shafti ya tabo uitikise: ikicheza kuelekea pembeni hadi bapa ziguse ganda, irudishie muuzaji. Bomba la kurudisha oili liwe pana na literemke moja kwa moja, liingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu. Likijikunja, tabo itaanza kulamba oili ndani ya wiki.

Pampu isifunguliwe kabla hujafunga geji ya joto la moshi. Kwenye dizeli, mafuta mengi bila hewa ya kutosha ndiyo yanayopandisha joto, na pistoni ni za aluminiamu. Geji ikipima moshi kabla haujaingia kwenye tabo, usivumilie zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa mlima mrefu. Pampu ya injini ya tabo ina kifaa kinachoongeza dizeli kadiri upepo unavyopanda. Ya kwako haina, kwa hiyo skrubu ikizungushwa sana utatoa moshi kila unapoondoka. Mwambie fundi aweke alama ya pale ilipokuwa kabla hajaigusa.

Klachi ya zamani inaweza kuteleza wiki ya kwanza. Weka akiba.

Wanaofikiria kubadilisha injini kabisa na kuweka 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota yenye tabo: tofautisha 1KZ-T yenye pampu ya kawaida na 1KZ-TE inayotaka kompyuta na waya zake zote. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) wabadilishe, na bima wajulishwe. Omba stakabadhi ya hiyo injini, usiletewe ya wizi.

Oili ibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea. Ukifika, acha injini iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, na dereva unayempa gari aambiwe hivyo hivyo. Kagua klipu za mipira baada ya safari ya kwanza, zikazwe tena. Dumu la maji liwemo garini, lakini gari likichemsha usifungue kifuniko wala usimimine, kaa pembeni nusu saa au zaidi, weka majani barabarani mbali na gari wakuone, hasa kwenye kona.