Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Shahada ya Uzamivu ya Uchumi

Kabla hujafungua fomu yoyote, jua unabisha mlango gani. Shahada ya uzamivu ya uchumi ina milango miwili, na utaratibu wa mmoja haufai kwa mwingine.

Mlango wa kwanza unaanzia darasani. Mwaka wa kwanza unasoma mikroekonomia (uchumi wa mtu na kampuni), makroekonomia (uchumi wa taifa zima) na ekonometria (takwimu za kupima mambo ya uchumi), unafanya mtihani wa mchujo, kisha ndipo unatafuta swali la tasnifu na msimamizi. Vyuo vikuu vya Marekani hufuata njia hii. Kwa kawaida safari huchukua miaka 5 hadi 6, na idara nyingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza tu. Mlango wa pili ni wa utafiti tangu siku ya kwanza: unaomba ukiwa na shahada ya uzamili, andiko la utafiti na msimamizi aliyekubali kukupokea, nawe unamaliza kwa miaka 3 au 4. Usihukumu kwa jina la nchi, lakini. Uingereza, kwa mfano, idara nyingi za uchumi sasa zinadai mwaka mmoja au miwili ya darasani kabla ya utafiti. Soma maelezo ya idara yenyewe, mstari kwa mstari.

Hapa ndipo waombaji wengi wanapopotea. Mtu anawaandikia maprofesa kumi wa idara ya mlango wa kwanza akiwaomba wamsimamie, hajibiwi hata na mmoja, anakata tamaa. Kumbe pale anayechagua ni kamati, na profesa mmoja peke yake hamwingizi mtu. Mwingine anajaza fomu ya mlango wa pili bila kumwandikia mhadhiri yeyote, analipa ada ya maombi, kisha ombi linakataliwa kwa kuwa hakuna wa kumsimamia.

Pima hesabu zako kwanza

Hati yako ya matokeo itasomwa kwa jicho la hesabu kabla ya jicho la uchumi. Wanatafuta kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano na takwimu. Ukiwa na somo lililokufundisha kuandika uthibitisho wa kihisabati, hapo umewapita wengi. Sababu ni nyepesi: mwaka wa kwanza wa darasani ni uthibitisho juu ya uthibitisho, na wanaoshindwa pale mara nyingi huangushwa na hesabu. Kama hati yako ina pengo, lizibe kwa kusoma somo hilo chuoni na kupata alama rasmi. Kuandika kwenye barua kwamba unajifunza mwenyewe nyumbani hakusaidii sana.

Idara kadhaa bado zinadai GRE, mtihani wa jumla wa hesabu na lugha kwa wanaoomba masomo ya juu. Sehemu yake ya hesabu inaishia alama 170, na kwa uchumi wanataka uwe karibu kabisa na kilele hicho. Sehemu ya lugha hawaikazii sana. Matokeo yake hudumu miaka 5. Ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, kwa hiyo usiyafanye mapema mno.

Geuza mada iwe swali

Kwa mlango wa pili hii ndiyo kazi yenyewe, na hata kwa wa kwanza maelezo yako binafsi yatapwaya bila hiyo. “Athari za kima cha chini cha mshahara kwa ajira” ni mada. Mada haifanyiwi utafiti. Unaweza kuizunguka miaka kumi. Tazama wachumi David Card na Alan Krueger wa Marekani walivyoifanya iwe swali. Mwezi Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jirani yake Pennsylvania akibaki palepale. Wakahesabu wafanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada ya sheria, wakalinganisha mabadiliko. Hawakuona ajira ikishuka upande uliopandisha mshahara. Walipochapisha mwaka 1994 walibishiwa kwa miaka, lakini hakuna aliyeuliza walikuwa wanatafuta nini. Mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi zake za aina hiyo juu ya soko la ajira.

Basi andiko lako lijibu mambo manne: unauliza nini hasa, waliotangulia wamefika wapi, data utaitoa wapi, na utatenganishaje sababu na mambo yaliyotokea sambamba tu. Hilo la mwisho ndilo linaloua maandiko mengi. Kuandika “nitatumia rigresheni”, yaani hesabu ya takwimu ya kupima uhusiano wa mambo, ni sawa na fundi kukuambia atajenga kwa nyundo. Na kuhusu data, taja jina la utafiti, miaka yake, na kama unaruhusiwa kuipata. Andiko lililojengwa juu ya data ambayo huna kibali chake limebomoka kabla ya kusimama.

Kumtafuta msimamizi

Wachumi hupanga kazi zao kwa herufi za JEL, mfumo wa kuainisha maandishi ya uchumi: J ni kazi na ajira, O ni maendeleo, E ni makroekonomia na fedha, I ni afya na elimu, Q ni kilimo na mazingira. Jua herufi yako, kisha ingia kwenye RePEc, hazina ya mtandaoni ya makala za uchumi ambayo ni bure, uone nani anachapisha humo na yuko chuo gani. Soma makala zake mbili za karibuni. Jina kubwa lililoacha kuandika kuhusu jambo lako tangu zamani halikufai kitu.

Barua ya kwanza iwe fupi, isizidi nusu ukurasa: wewe ni nani, swali lako kwa sentensi mbili, linagusana wapi na kazi yake, na kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Ambatisha wasifu na muhtasari wa andiko. Usimwite “mtaalamu mashuhuri duniani”. Asipojibu kwa wiki mbili au tatu, mkumbushe mara moja, kisha songa mbele.

Barua za mapendekezo

Huombwa mbili au tatu, na kwa maoni yangu zina uzito kuliko karatasi nyingine yoyote ukiacha hati ya matokeo. Barua ya waziri au mkurugenzi aliyekuona mara moja ni karatasi tupu. Mwenye faida ni mwalimu aliyekusimamia tasnifu, au mtafiti uliyemfanyia kazi ya kusafisha data mpaka akajua unavyofikiri. Mwombe wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho, mpe wasifu wako, andiko, alama ulizopata kwake na orodha ya vyuo yenye tarehe. Akisitasita, mshukuru umtafute mwingine, maana barua ya baridi inaumiza kuliko kukosa barua. Ukiona huna watatu wa namna hiyo, mwaka mmoja wa kazi ya usaidizi wa utafiti kwa mchumi anayechapisha utakulipa zaidi ya kuomba kwa pupa.

Nyaraka zilizobaki hazina siri: nakala zilizothibitishwa za vyeti, hati ya matokeo pamoja na maelezo ya mfumo wa alama wa chuo chako, tafsiri rasmi inapohitajika, na pasipoti ambayo majina yake yanafanana na ya vyeti. Majina yakitofautiana, shughulikia mapema.

Pesa na kalenda

Kwa mlango wa kwanza, ofa nzuri huja na msamaha wa ada pamoja na posho, nawe unavilipia kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Kwa mlango wa pili, nafasi na ufadhili mara nyingi ni maombi mawili tofauti, na dirisha la ufadhili linaweza kufungwa kabla ya lile la nafasi. Wengi hulia hapo: wamekubaliwa, hawana pesa. Uliza kwa maandishi ufadhili ni wa miaka mingapi na kama unahusisha bima ya afya. Uliza pia msamaha wa ada ya maombi. Idara nyingi wanao, ila hawautangazi kwa sauti.

Marekani madirisha hufungwa kati ya Desemba na Januari mwanzoni, majibu hutoka Februari na Machi, masomo huanza Agosti au Septemba. Huko vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji mwenye ofa ya ufadhili kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo ukibanwa ujibu Machi una haki ya kuomba muda.

Ukishakubali chuo kimoja, vikatalie vingine siku hiyohiyo kwa barua ya mistari miwili. Nafasi unayoishikilia bila kuitaka ina mtu anayeisubiri kwenye orodha ya akiba, na baada ya tarehe 15 huenda akaikosa.