Somo: Kununua nyumba mpya pembezoni mwa Dar kabla mvua haijaionja

Wakuu, nimeombwa somo hili mara nyingi, hasa na walioona matangazo ya "nyumba mpya, vyumba vitatu, master moja, fensi, pavingi, hati safi, bei ina maongezi" kule Bunju, Madale, Goba, Kibada au Kibaha. Nimekuwa fundi kwa miaka mingi, tena kwenye nyumba hizohizo zinazojengwa ili ziuzwe, na moja nimeinunua kwa pesa yangu. Najua plasta ya kuuzia inavyopigwa, na najua inavyouma ikianza kubanduka ukiwa umeshalipa.

Nyumba ya zamani imeshakiri makosa yake. Ufa upo unauona, doa la maji lipo darini, na jirani anakwambia bila kuulizwa. Mpya imepakwa rangi juzi. Yangu niliinunua Agosti, ardhi kavu, upepo mzuri, mke wangu akaipenda jiko. Aprili iliyofuata, usiku wa mvua ya pili kubwa, maji ya choo cha watoto yakaanza kupanda badala ya kushuka. Asubuhi nikafunua chemba ya nyuma, kile kishimo chenye kifuniko ambamo mabomba ya maji taka yanakutana, nikakuta bomba nisilolijua linaingia kwa juu. Nikalifuata kwa jembe: lilitoka kwenye gata. Maji ya bati lote la nyuma yalikuwa yameelekezwa kwenye shimo la choo. Yaani kila mvua ikinyesha, paa langu linajaza choo changu. Aliyefanya hivyo aliokoa mita kama kumi za mtaro. Tangu siku hiyo nina sharti moja ninalompa kila mnunuzi, nitalifikia kwenye hatua ya nne.

HATUA YA 1: KARATASI, KABLA HATA HUJAPANDA BODABODA KWENDA KUIONA

Mwambie dalali akutumie nakala ya hati. Akikwambia "njoo kwanza uione, hati ipo," mwambie utakuja ukishaiona hati. Ukiipata, peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ndiyo njia ya kujua jina lililosajiliwa ni la nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio la mtu mwingine. Wajenzi wengi wa nyumba za kuuza hujenga kwa mkopo, kwa hiyo rehani si ajabu. Ajabu ni muuzaji kuificha. Ikiwepo, pesa yako ilipe benki moja kwa moja na barua ya kuondoa rehani iandikwe mezani.

Kumbuka ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati: 33, 66 au 99. Miaka hiyo inahesabiwa tangu hati ilipotolewa, si tangu wewe ulipokabidhiwa funguo. Nyumba mpya inaweza kusimama juu ya hati nzee.

Hapa sasa ndipo watu wanapoumia. Siku hizi mtu ana kiwanja kimoja cha mita za mraba elfu moja na ushee, anajenga nyumba nne zinazofanana, anaweka geti moja, anaziuza. Hati ni moja. Mnunuzi wa kwanza anaambiwa "hati yako inashughulikiwa," wa pili vivyo hivyo, na wa nne pia. Waulize walionunua mwaka juzi kama wameiona. Kuna njia mbili halali: kiwanja kigawanywe kwa kibali na kila kipande kipate hati yake, au kila mmoja apewe hati ya sehemu, ile watu wanaita hati pacha, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Kama hakuna hata moja iliyoanza, unachonunua ni urafiki na mwenye hati. Akifa, utaujua urafiki huo ukishakutana na warithi wake.

Omba pia kibali cha ujenzi na michoro iliyopitishwa na halmashauri. Linganisha na kilichojengwa. Nimeona mchoro una vyumba vitatu na nyumba ina vitano.

HATUA YA 2: KIWANJA

Tafuta mpima ardhi wako, usikubali wa muuzaji. Atafute mawe ya mpaka yote manne na kuyalinganisha na ramani ya upimaji. Fensi si mpaka, fensi ni matumaini ya aliyejenga.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Huku pembezoni mito mingi ni ile inayoonekana kama njia ya mchanga wakati wa kiangazi, watoto wanachezea mpira. Ukiona korongo lenye mchanga msafi karibu na nyumba, huo ni mto uliolala. Na kama nyumba inatazama barabara kuu, uliza hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, inaishia wapi. Waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya waliwekewa alama ya X nyekundu, na mwaka 2017 nyumba zikashuka, nyingine nzuri kuliko unayoitazama.

Kisha nenda kanunue nyanya kwenye genge la karibu na umuulize mama wa genge, "Masika maji yanafika wapi hapa?" Hana kamisheni kwenye nyumba hiyo.

HATUA YA 3: NYUMBA YENYEWE

Nenda mchana, tena nenda mara ya pili bila dalali. Beba sarafu, msumari, ndoo, chaja ya simu na tochi.

Sarafu ni ya vigae. Gonga kigae kimoja kimoja sebuleni, kona na katikati. Kilichoshika chini kinatoa mlio mfupi uliojaa. Kilichobandikwa kwa madonge ya saruji kwenye kona kinalia kama debe, na siku ukisogeza kabati kitapasuka.

Msumari ni wa plasta. Tafuta sehemu isiyopakwa rangi vizuri, nyuma ya mlango au ndani ya kabati la ukutani, na ukwaruze. Plasta yenye saruji ya kutosha inakataa, inatoa vumbi kidogo tu. Iliyopunjwa saruji inamwaga mchanga kama sukari. Nimepiga plasta ya namna hiyo kwa maagizo ya bosi, najua ninachosema. Ukitaka kuchungulia zaidi, fungua kifuniko kimoja cha swichi uone unene wa plasta na tofali lililo nyuma. Zima umeme kwanza.

Ndoo mwage bafuni. Maji yote yaende kwenye tundu yenyewe, bila kusukumwa. Yakitulia kwenye kona, utayasukuma kwa mguu maisha yako yote. Halafu mwenzako avute maji chooni wewe ukiwa umefunua chemba, uone yanapita. Hesabu mabomba yanayoingia kwenye chemba, kila moja ujue limetoka wapi. Hiyo ya mabomba naisisitiza, mnajua sababu.

Chaja ni ya soketi, zote, hata ya nje. Tochi ni ya darini. Panda. Utaona kama mbao zimetiwa dawa, kama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zimefungwa vizuri, na kama kuna tundu la mwanga kwenye bati. Uliza geji ya bati: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni karatasi. Wauzaji wengi wanalisema kinyume na wanunuzi wanatikisa kichwa.

Nyufa: zile nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Unaoshuka kwa ngazi kufuata matofali kutoka kona ya dirisha, unaoingiza ukucha, huo unatoka chini. Kama ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya kuliko mingine, uliza kwa nini.

HATUA YA 4: BEI NA SHARTI LA MASIKA

Sharti lenyewe: usilipe yote kabla nyumba haijanyeshewa. Mkataba useme sehemu ya bei, mimi huanza na asilimia 10 na wengi tunamalizia kwenye 5, inabaki kwa wakili hadi mwisho wa Mei, na muuzaji atarekebisha paa, gata, mfumo wa maji taka na nyufa vikionyesha tatizo. Asiporekebisha, gharama inakatwa humo. Atakasirika. Atasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu. Mteja huyo wa kesho nimemsikia miaka yote na sijawahi kumwona. Kama huwezi kusubiri masika, vuli ya Oktoba hadi Desemba inasaidia, ingawa haipigi kama masika.

Mkataba uandikwe na wakili wako, si wa muuzaji, na kama muuzaji ana ndoa, mwenzi wake asaini ridhaa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hiyo imo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Pesa ipite benki.

HATUA YA 5: KUHAMISHA UMILIKI

Hapa ni makaratasi tu. Thamani ya nyumba inathaminiwa, mnajaza fomu namba 29, 30 na 35, mnaomba idhini ya uhamisho, mnalipa Mamlaka ya Mapato (TRA), mnasajili. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, mara nyingi analipa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi wa Tanzania. Iandikeni hivyo kwenye mkataba, kwa sababu bila uthibitisho wa TRA usajili haupiti, na muuzaji akishachukua pesa hana haraka tena.

Mita ya LUKU nayo ibadilishwe jina. Kodi ya majengo inakatwa humo unaponunua umeme.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Shikamoo fundi. Nyumba niliyoipata haina hati, ina mkataba wa serikali ya mtaa tu, ila ni nzuri na bei ni nusu. Ninunue?

Marahaba dada. Bei ni nusu kwa sababu hiyo hiyo. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ujue eneo limepimwa au limo kwenye mpango wa urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na kiwanja hicho kimepangiwa nini. Kama kimepangiwa makazi, gharama ya kupata hati itoe kwenye bei. Kama kimepangiwa shule au eneo la wazi, usirudi kuiangalia tena hata kwa macho.

Kijana wa Goba: Mkuu, mwenyekiti wa mtaa anadai asilimia 10 ya bei ndipo agonge muhuri. Ni sheria?

Hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya nyumba yako. Mwombe kwa adabu risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi mazungumzo yanafupika hapo.

Msafiri Muscat: Mimi niko Oman, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Kaka yangu ndiye atanifanyia kila kitu. Nimtumie pesa?

Mwandikie hati ya uwakilishi inayotaja nyumba hiyo tu, ithibitishwe ubalozini na isajiliwe kwa Msajili huku nyumbani. Pesa usiipitishe kwa kaka, itume kwa akaunti ya wakili. Na mkataba uandikwe jina lako, kaka asaini kwa niaba yako. Tumeona ndugu wazuri sana waliokuta hati ikitoka kwa majina yao "kwa kurahisisha".

Mwl. Kibaha: Muuzaji anauza kwenye ramani, hajaanza hata msingi, bei chini kwa robo. Vipi?

Lipa kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi, linta (zege la juu ya milango na madirisha), kupaua, kumalizia. Kila malipo yafuate kazi, yasiitangulie. Akitaka nusu ya bei kabla ya msingi, anatafuta mtaji, na wewe si benki. Tena nyumba kujengwa ukiiona kuna faida: nenda siku ya kumwaga zege la mkanda unaozunguka kuta, kaa kwenye kivuli, hesabu mifuko ya saruji. Siku hiyo mafundi wanafanya kazi vizuri mno.

Mama Wawili (tena): Samahani fundi, ile nyumba yako ya bomba la gata iliishia wapi?

Nilikata bomba, nikachimba mtaro hadi barabarani, siku mbili na vijana wawili. Muuzaji nilimpigia, akasema nimpigie baada ya Ramadhani. Watoto wamekua, choo kinafanya kazi, ila mke wangu bado anaamka mvua ikianza kunyesha, anakwenda kusimama mlangoni pa bafu na tochi.