Nissan Leaf yako itafika wapi? Jinsi ya kujipimia masafa kwenye barabara zako

Fungua tangazo lolote la Nissan Leaf, gari la umeme, lenye betri ya kWh 40 kutoka Japani, utakuta imeandikwa kilomita 400 kwa chaji moja. Gari hilo hilo Ulaya lilipewa kilomita 270. Marekani likapewa maili 151, yaani kilomita 243. Betri ni ile ile na mota ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo. Ile 400 ilitoka kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, ambacho mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 82 kwa saa na wastani wake haufiki 25. Hakuna anayekwenda Naivasha kwa mwendo huo. Tena gari linaloshushwa bandarini Mombasa limeshatumika miaka kadhaa, na betri yake imepungua.

Kazi yangu ni kukagua Leaf za mitumba hapa Nairobi kabla hazijanunuliwa, na kuwaelekeza wenye nazo namna ya kuziendesha. Swali ninaloulizwa na karibu kila mtu ni, "Hii itanifikisha wapi?" Jibu lake liko katika namba mbili, na zote mbili unaweza kuzipima mwenyewe bila fundi: umeme ulio ndani ya betri yako leo, na umeme unaoliwa na gari lako kwa kilomita 100 za njia zako. Nitatumia Leaf ya kWh 40 kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoifahamu zaidi, lakini hesabu ni ile ile kwa gari lolote la umeme. Nikisema yuniti nina maana ya kWh moja, yuniti ile ile unayonunua kwa tokeni.

Hatua ya 1: Pima betri iliyobaki

Kando ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijistari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha afya ya betri. Shida ni kwamba kijistari cha kwanza hakipotei mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15. Vinavyofuata hupotea kwa kila asilimia 6 hivi. Kwa hiyo gari lenye vijistari vyote 12 linaweza kuwa na betri kama mpya, au betri iliyokaribia asilimia 85, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Nunua kifaa kidogo cha OBD2 cha bluetooth, kile cha kusoma taarifa za ndani ya gari, kichomeke kwenye tundu lililo chini ya usukani, kisha uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Tafuta herufi SOH. Hiyo ndiyo asilimia ya betri iliyobaki ukilinganisha na betri mpya. Leaf ya kWh 40 ikiwa mpya hukupa kama yuniti 37 za kutumia, si 40. SOH ikiwa 85, zidisha: 37 × 0.85 ni yuniti 31 na nusu hivi.

Sasa ondoa asilimia 15 ya hizo na usizipangie safari. Mvua ikinyesha, barabara ikifungwa, au ukikuta chaja imekufa, hizo ndizo zitakazokufikisha mahali salama. Unabaki na yuniti 27 hivi. Andika namba hiyo mahali.

Kama bado unanunua na muuzaji hataki uchomeke kifaa hicho, ondoka. Sina msimamo mwingine kwenye hilo, maana betri ndiyo sehemu kubwa ya bei unayolipa.

Hatua ya 2: Soma ulaji, usisome kilomita zilizobaki

Ile namba kubwa ya kilomita kwenye dashibodi ni makisio. Gari linaangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita, kisha linadhani utaendelea vivyo hivyo. Ukitoka kushuka Limuru litakupa kilomita nyingi za kupendeza. Ukianza kupanda zitayeyuka kwa haraka hata zikuogopeshe. Halijui barabara iliyo mbele yako. Wewe unaijua.

Tafuta ukurasa unaoonyesha km/kWh. Leaf nyingi za kwetu zimekuja na maandishi ya Kijapani, lakini herufi hizo ziko vile vile. Irudishe kwenye sifuri kabla ya safari. Ukifika, gawa 100 kwa namba uliyoiona: ikisoma 6.5, gari limekula yuniti 15.4 kwa kilomita 100. Napendelea kuandika hivi kwa sababu mlima, kiyoyozi na upepo ni vitu unavyojumlisha, na kujumlisha yuniti ni rahisi.

Fanya kipimo hiki mara kadhaa kwa aina tatu za safari: mjini kwenye jam, barabara kuu, na njia yako ya mlima kama unayo. Andika pia mwendo, idadi ya watu na kama mvua ilinyesha.

Kipimo cha pesa ni kingine. Chaji hadi ijae, soma mita, endesha siku chache, chaji tena hadi ijae, soma mita. Utaona mita imehesabu zaidi ya dashibodi, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye chaja na waya. Umbali upangie namba ya dashibodi, gharama ipangie namba ya mita. Ukichaji kila siku nyumbani, ulizia pia bei maalum ya kuchajia magari ambayo Kenya Power imekuwa nayo tangu 2023. Usiku huwa nafuu zaidi.

Hatua ya 3: Hesabu mlima

Hapa ndipo watu wa Nairobi wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leaf yenye watu wawili na mizigo yao ina uzito wa kilo 1,700 hivi. Kuuinua uzito huo mita 100 kwenda juu kunahitaji yuniti 0.46, ukiongeza kinachopotea kwenye mota na gia, ni nusu yuniti na kidogo. Shika hiyo: kila mita 100 za kupanda, nusu yuniti juu ya ulaji wa kawaida. Upande mlima mkali au wa pole, unacholipia ni urefu.

Kushuka kuna sheria nyingine, na hapo umbo la mteremko ndilo linaloamua. Kwenye mteremko wa pole gari linahitaji umeme kidogo tu kuendelea kwenda, kwa hiyo unarudishiwa karibu kila ulichotumia kupanda. Umeme huo unaouokoa haukutoka kwenye betri kabisa. Kwenye mteremko mkali mota inageuka jenereta, inatengeneza umeme, unaingia kwenye betri, kisha baadaye unatolewa tena. Kila mara unapogeuzwa unapungua. Mimi huhesabu kwamba asilimia 60 inarudi, na ukikanyaga breki kwa nguvu hata hiyo huipati, kwa sababu breki za kawaida zinaila kama joto. Weka gia kwenye B au washa kitufe cha e-Pedal, achia mguu mapema, acha mota ifanye kazi ya kupunguza mwendo. Fanya hivyo hivyo ukiona tuta kwa mbali. Usiweke N kwenye mteremko ukidhani unaokoa umeme: unapoteza ule ambao mota ingeurudisha, na unapoteza udhibiti wa gari.

Kama unaishi juu, tuseme Limuru au Ngong, usijaze betri hadi 100 kabla ya kushuka mjini. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo gari linazuia ile breki ya mota na mteremko wote unapotea bure huku breki zikipata moto. Ishia 80 au 85. Betri nayo itadumu zaidi.

Barabara ya Mombasa inaonyesha tofauti hii vizuri. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kushuka huko kumetandazwa kwenye kilomita 485 au zaidi. Ukienda pwani unaepushiwa kama yuniti 8. Ukirudi unaongezewa kama 9. Kipande kilichokutosha kwa chaji moja ukienda kinaweza kukuacha njiani ukirudi. Panga kurudi kama safari nyingine kabisa, yenye vituo vyake.

Hatua ya 4: Chagua mwendo

Ukizidi kilomita 60 hivi kwa saa, hewa ndiyo inayoanza kula umeme wako. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 hadi 110, hewa inakusukuma nyuma karibu mara mbili. Kwa Leaf ya kWh 40 kwenye tambarare, anza na makisio haya mpaka upate yako: yuniti 13 kwa kilomita 100 ukienda 80, yuniti 16 ukienda 100, yuniti 18 ukienda 110.

Kwa kilomita 90 za Naivasha, tofauti ya 80 na 100 ni dakika 13 au 14, kama barabara ingekuwa wazi. Haiwi wazi, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo zaidi. Matatu na malori yamewekewa kikomo cha 80, na mwendo wao unakutosha kabisa. Lakini usiende 60 kwenye barabara kuu ili kuokoa chaji huku foleni ya malori ikikusukuma kutoka nyuma. Hiyo ni hatari, na hakuna yuniti inayostahili hatari hiyo.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati moja: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukihamia Kilifi na gari lako, mwendo ule ule kwenye tambarare utakula zaidi. Pima upya.

Hatua ya 5: Kiyoyozi na hita

Vitu hivi hula kwa saa, si kwa kilomita. Kiyoyozi kikishapoza gari hutumia kama kilowati moja. Ukienda kilomita 80 kwa saa, hiyo ni yuniti 1.25 kwa kilomita 100, huioni hata. Kwenye jam ya kilomita 15 kwa saa ni karibu yuniti 7 kwa kilomita 100, sawa na nusu ya kinacholiwa na gari lote likienda 80 kwenye tambarare. Kwa hiyo fungua madirisha kwenye foleni na ufunge ukishika barabara kuu. Mombasa joto halikuachii uhuru huo, basi poza gari likiwa bado kwenye plagi, kabla hujaondoka.

Hita ni mlafi zaidi. Asubuhi za Julai tumia hita ya kiti na ya usukani kama gari lako linazo. Zinakula kidogo sana. Ila kioo cha mbele kikishika ukungu, washa unachohitaji kuwasha ili uone barabara.

Matairi: weka upepo kama stika ya mlango wa dereva inavyosema, kwa Leaf nyingi ni psi 36, na upime matairi yakiwa baridi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya safari

Tuseme Westlands hadi Naivasha na kurudi, kwa barabara ya juu, ile inayopita Kinale, ukiwa na zile yuniti 27. Ni kilomita 180. Ukienda kati ya 80 na 90, weka yuniti 14 kwa kilomita 100: jumla 25. Inaonekana inatosha.

Sasa weka mlima. Kutoka mita 1,700 unapanda hadi karibu 2,500 ukipita Kinale, kisha unashuka hadi karibu 1,900. Kupanda mita 800 ni yuniti 4 na kidogo. Kushuka 600 kunarudisha chini ya 2. Kurudi unapanda 600, yuniti 3 na kidogo, na kushuka 800 kunarudisha 2 na kidogo. Baada ya yote umeongeza kama yuniti 3, jumla 28. Umezidi, na umeanza kula akiba.

Hapo usighairi safari. Tafuta yuniti chache Naivasha. Kebo ya ampea 10 kwenye soketi ya kawaida, kwa saa mbili za chakula cha mchana, inakupa yuniti 4 hivi. Piga simu hotelini kabla ya kutoka, omba ruhusa na ulipie. Baada ya robo saa shika plagi kwa mkono: ikiwa moto, chomoa, soketi hiyo haifai.

Kama unategemea chaja ya haraka, uliza mambo mawili kwa simu: inafanya kazi leo, na ina plagi ya CHAdeMO? Ndiyo inayoingia kwenye Leaf ya kWh 40. Magari mengi mapya yanatumia CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, kwa hiyo kituo kinaweza kuwa kizima na bado kisikufae. Betri ya Leaf hii haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Ukichaji haraka mara mbili tatu kwa siku moja itapata joto, na gari litapunguza kasi ya kuchaji lenyewe, hasa ukielekea pwani. Weka muda wa ziada kwenye kituo cha pili na cha tatu, na usome SOH tena kila mwaka, kwa sababu zile yuniti 27 hazitabaki 27.