Kumvua baramundi Australia Kaskazini: soma maji kwanza, chambo baadaye

Anayemjua sangara wa Ziwa Victoria hatapotea akimwona baramundi. Ni ukoo mmoja: mgongo wa nundu, mdomo mpana, taya la chini limetokeza. Ila baramundi huzalia maji ya chumvi, na watoto wengi hupanda kukulia mitoni na kwenye mbuga zilizofurika. Kwa hiyo ukiwa Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia, jiulize kwanza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Hatua ya 1: Funga vifaa. Fimbo ya mita 1.8 hadi 2, rili ya saizi 3000, uzi wa kusuka wa ratili 30 (kama kilo 14). Mwishoni unga mita moja ya nailoni nene ya ratili 40 hadi 60. Usiiruke hiyo nailoni! Kifuniko cha shavu la baramundi kina makali ya wembe, na midomo yake ni msasa. Chambo, yaani samaki wa bandia mwenye ndoana, kifunge kwa fundo la kitanzi ili kicheze. Vyambo vingi vya dukani huja na ndoana laini. Zing'oe pamoja na pete zake, uweke ngumu, la sivyo samaki wa mita moja atazinyoosha.

Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 3.5 hadi 4 zinatosha uzi huo.

Hatua ya 2: Jua msimu. Machi hadi Mei ndiyo mavuno. Mvua zimepungua, mbuga zinajimwaga mitoni kupitia vijito, na samaki wadogo wanasombwa humo. Kwenye mdomo wa kijito utaona mstari: huku maji meusi safi ya mbugani, huku tope la mto. Baramundi hukaa kwenye mstari huo, akiwa upande wa tope akivizia. Tupa chambo cha sentimita 10 hadi 12 ndani ya maji safi, ukivute kivuke mstari. Maji yakipwa huwa bora, maana kijito kinamwaga kwa nguvu.

Juni hadi Agosti maji hupoa na samaki huzubaa. Nenda mabwawa ya asili kama Corroboree, buruza polepole chambo kinachozama mita 3 au 4 kando ya visiki na miamba.

Septemba hadi Novemba joto hurudi, nao hushuka milangoni mwa mito. Bandari ya Darwin maji hupanda na kushuka hata mita 8, hivyo bamvua, siku za maji makubwa, huchafua kila kitu. Chagua maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo.

Desemba hadi Februari barabara nyingi hufurika. Vua vijito vya karibu na mji wa Darwin.

Hatua ya 3: Tupa, shtua, tulia. Chambo kiangukie sentimita 30 tu kutoka kisiki. Shtua fimbo mara mbili, kisha acha kabisa, hesabu hadi tatu. Wengi hukosea hapa kwa kuzungusha rili mfululizo, ilhali baramundi hupiga chambo kikiwa kimesimama.

Maswali ya wanachama

*Fundi, samaki anaruka, anatikisa kichwa, ndoana inachomoka. Nifanyeje?*
Ukiona uzi unapanda juu, jua anakuja kuruka. Shusha ncha ya fimbo hadi karibu na maji, uzi ubaki umekaza kidogo. Fimbo ikiwa juu, unamsaidia kuruka.

*Uzi wangu hukatika ghafla bila samaki kuvuta sana. Tatizo ni uzi mbovu?*
Mara nyingi ni nailoni iliyolika, ndugu. Kila baada ya samaki ipitishe katikati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, kata sentimita 20, ufunge upya.

*Chambo hai kinafaa?*
Sana. Mkizi mdogo, mtoboe juu ya mgongo, nyuma ya pezi, bila kugusa uti. Tumia ndoana ya duara na usivute fimbo ghafla samaki akila; acha aondoke nayo, ijikite yenyewe pembeni mwa mdomo.

*Kipimo cha kubeba ni kipi?*
Northern Territory asipungue sentimita 55. Queensland, jimbo jirani, ni 58 hadi 120. Wakubwa karibu wote ni majike, kwani baramundi huanza dume na kugeuka jike akikua. Huyo mrudishe: mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya.

*Dada hapa. Sina boti, naweza kuvua ukingoni?*
Unaweza, dada, ila mito hiyo ina mamba wa maji chumvi. Kaa angalau mita 5 kutoka majini, usirudi sehemu ileile kila siku, wala usipasulie samaki ukingoni. Chambo kikinasa kwenye kisiki, kata uzi. Usiingie majini kukifuata.