Namna ya kugawa silabi na kuweka mkazo katika vivumishi ambatani vya Kiingereza

Katika madarasa yangu hapa Mbeya, mwanafunzi anayejua vizuri maana ya "waterproof", neno ambalo ni kivumishi ambatani (yaani kivumishi kilichoundwa kwa kuunganisha maneno mawili), hulitamka kwa kukaza silabi ya katikati, kwa sababu Kiswahili kimemzoeza kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wa neno hilo uko mwanzoni: WA-ter-proof.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu silabi kwa sikio, si kwa herufi. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka "old-fashioned" polepole, na uhesabu kidevu kinashuka mara ngapi. Kikishuka mara tano au sita, umeongeza irabu zisizokuwamo, ukasema "oldi-fashonedi". Silabi ni tatu tu: old, fash, ioned. Kiambishi "-ed" kwa kawaida huwa silabi kamili pale tu kinapofuata sauti ya t au d, kama katika "short-sighted".

Hatua ya pili, tazama neno limeundwaje. Sehemu ya kwanza ikiwa kivumishi au kielezi, na ya pili ikiishia kwa "-ed" au "-ing", mkazo mkuu kwa kawaida huangukia sehemu ya pili: bad-TEM-pered, good-LOOK-ing. Sehemu ya kwanza ikiwa nomino, mara nyingi hubeba mkazo yenyewe: HOME-sick, TIME-con-sum-ing. Nasema mara nyingi kwa kuwa "duty-free" hukazwa mwishoni. Kwa hiyo thibitisha katika kamusi, ambamo alama ndogo ya juu hutangulia silabi yenye mkazo mkuu.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoitumia muda mrefu zaidi, maana wengi hawajawahi kuelezwa kwamba mkazo huhama. Chukua nguo za mitumba za soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Ukisema "These clothes are second-hand", mkazo mkuu uko kwenye "hand". Ukisema "second-hand clothes", mkazo wa kivumishi hurudi nyuma hadi SEC, kwa sababu Kiingereza hukwepa kuweka mikazo miwili mizito bega kwa bega, yaani "hand" na "clothes". Sema sentensi hizo mbili mfululizo huku ukigonga meza kwenye kila mkazo, mpaka mkono uhame wenyewe bila kufikiri. Kisha fanya vivyo hivyo kwa "well-known". Vivumishi ambavyo tayari hukazwa mwanzoni, kama "homesick", havibadiliki popote vinapowekwa.