Kuondoka Si Kumoja: Namna ya Kuchagua Neno la Kiswahili Mahali pa "Departure"

Anayetafsiri tangazo la safari hapa Mombasa, liwe la treni ya Miritini, la ndege ya uwanja wa Moi au la basi la Mwembe Tayari, hukutana mapema na nomino ya Kiingereza "departure", akaandika "kuondoka" na kuendelea. Katika tangazo la safari hatakuwa amekosea. Neno hilo likija katika barua ya kazi, tanzia au makala ya historia, "kuondoka" peke yake humwacha msomaji akijiuliza ni nani aliyekwenda, kama alikwenda kwa hiari au kwa kusukumwa, na kama atarudi. Mtafsiri ajijibu maswali hayo kwanza, ndipo achague neno.

Tuanze na safari, ambako kazi ni nyepesi. Kiingereza hupenda nomino, ilhali Kiswahili hupenda kitenzi: badala ya "kuondoka kwa treni ni saa tisa", sema "treni huondoka saa tisa alasiri". Ratiba iliyoandikwa 15:00 ndiyo hiyo saa tisa alasiri, na 22:00 ni saa nne usiku; atakayeandika "saa kumi na tano" atawachelewesha watu. Aandike pia "saa ya kuondoka", si "muda wa kuondoka", kwa kuwa muda ni kipindi chenye urefu. Pale nomino inapohitajika, upatanisho uzingatiwe: "kuondoka kwake kulituhuzunisha", wala si "kuondoka kwake ilituhuzunisha", kosa ambalo siku hizi hata magazetini limezoeleka. Mahali aendako msafiri huletwa na "kwenda" au "kuelekea", hata kama Kiingereza kimetumia kihusishi "for", ambacho kwingine tungekifasiri "kwa ajili ya".

Chombo cha baharini kina maneno yake. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kwenye bandari ya Mji wa Kale yalisubiri ule wa kusi ili yarudi Arabuni, na yalipokwenda hayakuitwa yameondoka tu: yaling'oa nanga, yakatweka tanga. Usemi wa kung'oa nanga unafaa kwa safari yoyote yenye uzito, ingawa waandishi wa michezo wameuchakaza kwa kuing'oa nanga kila ligi inayoanza.

Watu wengi wakiondoka pamoja, Kiingereza hutumia "exodus", neno lenye asili ya Kigiriki linalobeba maana ya njia ya kutokea. Na Biblia ya Kiswahili hukiita kitabu chenye jina hilo Kutoka. Kwa habari za kawaida, "kuhama" kunatosha, na waliofukuzwa na vita "wamekimbia". "Hijra" ilindwe kwa ajili ya safari ya Mtume kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, au kwa uhamaji unaofananishwa nayo kwa makusudi.

Kazini ndipo neno la Kiingereza linapokuwa na hila. Taarifa ikisema kwamba kampuni inatangaza "departure" ya meneja, huenda limeteuliwa makusudi ili lisiseme lililotokea, maana aliyejiuzulu, aliyestaafu, aliyehamishwa na aliyeachishwa kazi wote wameingizwa humo. Kama sababu imetajwa mahali pengine katika taarifa, itumie. Kama haikutajwa, andika "ameondoka kazini" na uuache ukungu ulivyo. Si kazi ya mtafsiri kumfukuza mtu.

Katika mauti lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa. "Departure" ina shina la Kilatini lenye maana ya kugawanya, na Kiingereza huwaita marehemu kwa neno lililotokana na shina hilo hilo. Kiswahili nacho kina "kufariki", kutoka Kiarabu, ambalo asili yake ni kutengana, na nduguye wa karibu ni "kufarakana". Anayefariki dunia, basi, ametengana nayo. Kwa hiyo katika tanzia "kufariki" ni tafsiri iliyokaa sawa zaidi. "Kuaga dunia" ni pole kidogo, na "kututoka" humfaa mwenye msiba anaposema juu ya marehemu wake. "Kuondoka" hapa kunahitaji tahadhari, hasa kwa kuwa katika matumizi ya zamani ya pwani kulimaanisha pia kuinuka kutoka kitako.

Iko maana nyingine isiyo na safari wala mauti: kwenda tofauti na kilichozoeleka. Hapa "kuondoka" hakufai kabisa. "Kukiuka mila" kunalaumu, "kuacha desturi" hakulaumu, na "kutofuata" kumekaa katikati. Mtu akijenga nyumba Mji wa Kale bila baraza mbele, na mwandishi wa Kiingereza akaiita "departure" katika ujenzi wa mtaa ule, mimi ningeandika kwamba nyumba hiyo haikufuata ujenzi wa jirani zake, nikamwachia msomaji aamue kama ni kosa.